Nenosiri moja, mtandao wa wageni au vocha: lipi linafaa waifai ya nyumba au duka lako?

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, printa ya saiba yangu hapa Donholm, Nairobi, iliamka yenyewe. Kijana wangu wa kazi alikuwa anamhudumia mteja wa iTax, ile tovuti ya kodi, nami nilikuwa nahesabu rimu za karatasi. Printa ikanguruma, ikavuta karatasi, ikaanza kuitoa polepole, mstari kwa mstari: mtoto mwenye kofia ya rangi anapuliza mishumaa ya keki. Tukatazamana. Kwenye benchi, mama aliyekuwa anasubiri shughuli yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akainua simu.

"Haki pole, mwanangu. Nilikuwa namtumia dada yangu hiyo picha, sijui nimebonyeza wapi."

"Hakuna shida, mama," nikamwambia, nikampa karatasi yake bure. Akacheka, akaikunja, akaitia mkobani.

Shida ilikuwepo, ila haikuwa yake. Nenosiri la waifai lilikuwa limeandikwa ukutani kwa maka peni tangu siku ya kufungua duka, na kila aliyelitumia aliingia chumba kilekile ilimokuwa printa, mashine ya kurekodi kamera na kompyuta yenye skani za vitambulisho vya watu. Kama simu ya mama yule iliiona printa kwa bahati mbaya, simu ya mwingine ingeiona ile kompyuta kwa makusudi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachilii mtu kwa kuwa saiba yake ina kompyuta sita tu.

Tangu siku hiyo nimejaribu njia tatu za kugawa waifai, kwangu na kwa majirani wa biashara wanaoniita niwasaidie. Nitazilinganisha hapa. Lakini kwanza tumalizane na kufuli lenyewe, yaani aina ya ulinzi unayoichagua kwenye ruta, maana watu hubishana sana kuhusu kufuli na kusahau nani ana ufunguo.

Kufuli: hapa uamuzi ni mwepesi

| Aina | Ilianza | Uamuzi wangu |
|---|---|---|
| WEP | 1997 | Udhaifu wake ulianikwa 2001. Hufunguliwa kwa dakika chache. Ruta isiyo na kingine itupwe. |
| WPA | 2003 | Ilikuwa kiraka cha muda. Achana nayo. |
| WPA2 | 2004 | Inafaa bado, mradi uchague AES (njia imara ya kusimba, yaani kufumba data isisomeke) na nenosiri liwe refu. |
| WPA3 | 2018 | Ndiyo bora, kama vifaa vyako vinaikubali. |

Tofauti ya WPA2 na WPA3 iko mahali pamoja muhimu. Simu inapojiunga na mtandao wa WPA2, kuna mazungumzo mafupi ya kusalimiana kati yake na ruta. Mtu aliye karibu, hata akiwa ngazini mwa jengo lenu, anaweza kuyanasa mazungumzo hayo, akaenda nayo nyumbani, akakaa anakisia nenosiri usiku kucha bila ruta yako kujua lolote. WPA3 imeziba njia hiyo: kila akitaka kukisia inabidi arudi kuongea na ruta yenyewe, na huo ni mwendo wa kobe.

Kwa hiyo kama ruta yako ina chaguo la mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, liweke hilo. WPA3 peke yake itazifungia nje simu za zamani na zile printa ambazo zimeona mengi. Ila kumbuka kwamba katika mchanganyiko, vifaa vya zamani bado vinasalimiana kwa mtindo wa WPA2, kwa hiyo urefu wa nenosiri bado una kazi. Mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha kasoro katika salamu hiyo ya WPA2. Dawa yake ilikuja kama sasisho la programu, na asiyesasisha simu na laptopu yake hakuinywa.

Sasa hesabu ya Nairobi. Watu wengi hapa huweka namba yao ya simu iwe nenosiri. Ina tarakimu kumi, inaonekana ndefu. Lakini ikianza na 07 zimebaki nane za kukisia, yaani namba milioni mia moja. Kadi ya michoro ya kompyuta za michezo hukisia mamia ya maelfu ya WPA2 kwa sekunde moja. Fanya hesabu mwenyewe: kabla chai haijapoa vizuri, namba yako imepatikana, na pamoja nayo amejua wa kumpigia. WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili, Kikamba, Kijaluo, chochote kinachokutoka mdomoni bila kuwa methali wala jina la mtoto.

Halafu zima WPS, ile ya kujiunga kwa PIN ya tarakimu nane. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba ruta huikagua PIN hiyo nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho si siri bali hupatikana kwa hesabu ya zile nyingine. Majaribio yakashuka kutoka mamilioni hadi 11,000 tu. Nenosiri lako la herufi 40 haliwezi kusaidia kama pembeni kuna dirisha la aina hiyo.

Kuficha jina la mtandao na kuorodhesha simu zinazoruhusiwa sitayapa nafasi. Jina lililofichwa huonekana kwa programu ya bure, na anwani ya kifaa, ambayo ndiyo orodha huitambulia simu, huigwa kwa dakika moja. Tena simu tangu Android 10 na iOS 14 hubuni anwani yake kwa kila mtandao, kwa hiyo orodha hiyo itakusumbua wewe kuliko mwizi.

Njia ya kwanza: nenosiri moja kwa wote

Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinaonana. Unarusha video kutoka simu kwenda runinga, unachapisha kutoka kitandani, hakuna fundi anayehitajika. Kwa bedsita ya mtu mmoja au nyumba ya baba, mama na watoto, sioni sababu ya kujitesa na zaidi.

Ubaya unaanza watu wakiongezeka. Nenosiri moja halina namna ya kumtoa mtu mmoja. Msusi akiacha kazi saluni kwako na kwenda kufungua yake mlango wa pili, anaondoka na waifai yako, na kumwondoa ni lazima ubadilishe kwa wote: simu za wafanyakazi, runinga, kamera, printa. Ndiyo maana hakuna anayebadilisha. Na usidhani lililofichwa linabaki limefichwa. Simu ya kisasa hutoa msimbo wa QR wa mtandao iliyojiunga nao, na mwenzake akiupiga picha tayari yumo. Ukimpa mmoja, umewapa darasa zima.

Tena kwenye WPA2, aliye na nenosiri na akanasa ile salamu ya simu yako anaweza kufungua mawasiliano yanayopita hewani kati yako na ruta. Tovuti nyingi siku hizi zina usimbaji wao juu ya huo, kwa hiyo haoni ujumbe wako wa benki, ila anajua unatembelea wapi. Hapa nitulize jambo moja ambalo wateja huniuliza kila wiki: M-Pesa ya menyu ya laini ya simu haipiti kwenye waifai kabisa. Inapita kwenye mtandao wa simu. Anayekuibia M-Pesa huwa amekupigia simu na kukuomba PIN kwa sauti tamu.

Kuna kinyozi mmoja nilienda kunyolewa, mtaa sitautaja. Ruta imetundikwa pembeni mwa kioo, usawa wa macho, stika yake imeelekea wateja. Nikiwa nimefungwa kitambaa shingoni, mashine inapita kisogoni, nilisoma kila kitu: jina la mtandao, nenosiri la kiwandani, na chini yake jina na neno la kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe. Hata sikuhitaji kugeuza kichwa, na angenikata kama ningegeuza. Kama umebaki na nenosiri moja, angalau geuza ruta iangalie ukuta, na ubadilishe nenosiri la mipangilio. Hilo la mipangilio ni tofauti na la waifai, na ndilo watu husahau. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilikusanya jeshi la kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha fupi tu ya maneno ya kiwandani, ya aina ya jina admin, nenosiri admin.

Njia ya pili: mtandao wa wageni

Nyumba za pwani zina baraza. Mgeni anapokelewa, anakaa, anakunywa kahawa, mazungumzo yanakolea, na ua wa ndani hauoni. Mtandao wa wageni ni baraza. Ruta moja inarusha majina mawili. La wageni linafika intaneti lakini haliifikii printa, kamera wala kompyuta zako. Ruta nyingi za miaka ya karibuni zinayo huduma hii, ingia kwenye mipangilio utafute neno Guest. Gharama ni dakika kumi.

Kwa kinyozi, saluni, kibanda cha chai, ofisi ya watu watano, na saiba kama yangu, hii ndiyo ninayopendekeza bila kusita. Nenosiri la wageni andika ukutani kwa maka peni ukipenda. Libadilishe kila tarehe moja. Vifaa vya duka havitasumbuka kwa sababu haviko huko.

Nyumbani inafaa pia, lakini kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: vifaa visivyo na akili ndivyo uviweke kwa wageni. Runinga ya mkopo, kamera ya bei rahisi ya mlangoni, spika inayoongea. Vitu hivi mara nyingi havisasishwi na waliovitengeneza, na huo ndio ufa. Ila ujue gharama: runinga ikiwa barazani na simu yako iko ndani, kurusha video kunaweza kukataa. Watoto watalalamika. Mimi kwangu nilisalimu amri, runinga ikarudi ndani. Kamera ikabaki nje.

Na wale wa ploti moja wanaochanga bili ya faiba? Jirani mpe mtandao wa wageni, tena umwekee kikomo cha kasi kama ruta inaruhusu. Kuchanga si vibaya, ingawa mkataba wako huenda una maoni yake. Lakini laini imeandikishwa kwa jina lako, na likitokea la kutokea humo, wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa. Kwa upande wa pili, jirani anayejikisia nenosiri lako bila ruhusa anacheza na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018: faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Niliwahi kumsomea mmoja kifungu hicho ngazini. Buffering ya mwenye laini iliisha siku hiyohiyo.

Usiamini jina peke yake. Kuna ruta za bei ya chini ambazo mtandao wa wageni ni jina tofauti tu, ndani ni chumba kilekile. Jaribu: jiunge na wageni, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au ile anwani iliyo kwenye stika. Ukurasa wa ruta ukifunguka, au printa ikionekana kwenye simu, huna baraza; una mlango uliochorwa ukutani.

Basi kama ruta ya kampuni haina huduma hii, utanunua ya pili. Na hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko mahali pengine popote, hata ya mafundi wanaolipwa, kwa hiyo nitatulia kidogo.

Ruta ya kampuni iite ya nje. Uliyoinunua, ambayo waya wake unatoka kwenye ya nje, iite ya ndani. Fundi anafika, anaona wateja wanakaa mbali, anawawekea ruta ya ndani karibu na viti, duka linabaki kwenye ya nje. Inaonekana safi: ruta mbili, majina mawili. Lakini ruta kazi yake ni kumzuia anayetoka nje asiingie. Aliye ndani haimzuii kutoka. Mteja aliye kwenye ruta ya ndani, ili afike intaneti, anatoka kwanza kwenye mtandao wa ruta ya nje, na humo ndimo ulimoweka printa na kompyuta. Anaweza kuzigongea mlango njiani. Ni kama kumlaza mgeni chumba cha ndani kabisa, wenyeji mkalala barazani: kila akitoka usiku anawaruka.

Geuza. Wateja wabaki na ruta ya nje, duka lihamie ya ndani. Na waya uingie kwenye tundu lililoandikwa WAN, la upande wa intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi yake, si kwenye moja ya yale ya LAN, ya vifaa vya ndani. Ukiuchomeka LAN, ruta mbili zinakuwa nyumba moja, na pesa yako imenunua antena tu.

Ukienda kuinunua Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme mjini Nairobi, usianze na swali la antena ngapi. Uliza: ina mtandao wa wageni? Ina WPA3? Vifaa vinavyopewa cheti cha Wi-Fi tangu Julai 2020 vinatakiwa kuwa nayo, kwa hiyo iliyo mpya kweli isikushinde. Uliza pia kama walioitengeneza bado wanatoa masasisho yake. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter ilikadiriwa kuingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhi data visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54, vya watu wa kawaida na maofisi madogo. Ukinunua ya mtumba, chukua pini, bonyeza kile kitundu cha kurudisha kiwandani kabla hujaiunganisha na chochote; hujui mwenye nayo wa kwanza aliacha nini humo.

Pini hiyohiyo ni adui pia. Stima ikipotea na intaneti ikagoma kurudi, kuna mtu dukani atakayeibonyeza kwa nia njema, na mipangilio yako yote itarudi kwenye stika. Mwambie kijana wako mapema: zima, hesabu hadi thelathini, washa. Pini aiache kwa kazi ya kutolea laini ya simu.

Njia ya tatu: vocha

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vocha ndiyo jembe. Mteja anajiunga, ukurasa unamfungukia, anaingiza namba aliyopewa na risiti au aliyolipia, na saa ikiisha anatolewa. Wengi Nairobi huifanya kwa ruta ya chapa ya MikroTik, na ukipita mitaa ya Eastlands jioni utakutana na majina ya mitandao ya aina hii kila korido.

Kwa mkahawa wenye mteja anayeagiza chai moja na kukaa hadi saa kumi, vocha inaokoa viti. Unajua nani aliingia lini, unagawa kasi, na kila mtu ana namba yake, kwa hiyo kumtoa mmoja hakuwagusi wengine. Hapo inazishinda zile mbili za kwanza.

Kwa usalama, hata hivyo, watu huipa sifa isizo nazo. Ule ukurasa wa kuingiza namba si kufuli. Mara nyingi mtandao wenyewe uko wazi, bila nenosiri, na mtandao wazi hausimbi kitu hewani. Vocha inaamua nani apite, haifichi anachobeba. Tena mjanja anaweza kuiga anwani ya simu ya aliyelipa na kupita kwa mgongo wake. Na kama simu za wateja hazijatenganishwa zenyewe kwa zenyewe kwenye mipangilio, ni soko huria.

Kuna suala la leseni pia. Kumpa mteja wako waifai akinywa chai ni jambo moja. Kuwauzia majirani intaneti ni biashara inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kifurushi cha nyumbani hakikutolewa kwa kazi hiyo. Ukitaka kuingia huko, ingia na karatasi.

Nilikuwa na vocha kwa miezi mitatu. Kijana wangu alikuwa anazichapisha na kuzikata kwa mkasi, wateja wanazipoteza, anachapisha tena. Kwa saiba ambayo mtu anakaa dakika ishirini, ilikuwa kazi ya kujitafutia. Nikarudi kwenye mtandao wa wageni wenye kikomo cha kasi, ruta ya ndani ikabaki ya duka.

Mama wa keki alirudi mwezi wa nane, safari hii na picha ya mtoto yuleyule katika sare za shule. Akakaa kwenye benchi lilelile, akabonyeza, akangoja, akaitazama printa. Printa kimya.

"Mwanangu, hii mashine yenu siku hizi haiongei na simu yangu?"

"Siku hizi inaongea na sisi tu, mama. Nitumie kwa baruapepe ya duka, nikutolee. Ya rangi ni shilingi ishirini."

Akaniangalia kidogo. "Ile ya kwanza ilikuwa bure," akasema, akafungua mkoba.